Pembea ya Bibie

Machi 4

Leo ni mwaka mmoja na miezi mitano tangu niondoke nyumbani. Nilisema nakwenda kwa miezi sita. Mama watoto bado ananikumbusha, si kwa ubaya, ananikumbusha kama unavyomkumbusha mtu kwamba kofia anayoitafuta iko kichwani mwake.

Nimeacha kazi ya bohari la saruji. Mapafu yamekataa. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kamba katika ukumbi wa maonyesho, na kazi ni ya msimu huu wa mvua tu, mpaka onyesho la mwisho, Aprili 30. Mvua ikinyesha watu wa mji huu hawana pa kwenda, wanajaa ukumbini.

Anayeimba ni Bibie. Ningekuwa najiandikia mwenyewe ningeishia hapo, lakini naandika ili nikirudi nimsomee mama watoto, kwa hiyo acha niseme vizuri. Ni Bibie yule wa filamu. Yule ambaye picha yake ilikuwa kwenye kalenda ya kila kinyozi tulipokuwa vijana. Nilipompigia simu mama watoto akasema, "Wewe? Na Bibie? Utamfanyia nini?"

"Nitamvuta juu kwa kamba."

"Baba watoto, umelewa?"

Machi 6

Mvua. Kamba imelowa. Mikono.

Machi 9

Mazoezi kutwa. Kazi yenyewe ni hivi. Bibie anaimba nyimbo za filamu zake, na katikati anaigiza vipande vya maisha yake, tangu usichana. Wimbo wa mwisho ni ule wa pembea. Kwenye filamu alikuwa hajafika miaka thelathini, anapanda na pembea mpaka anapotelea kwenye majani. Sasa amepita sabini na bado anapandishwa. Pembea ni ubao uliovikwa mahameli. Kamba zake mbili zinaungana juu kuwa moja nene ya katani, inapita kwenye kapi mbili darini, inashuka mpaka kwetu nyuma ya pazia jeusi. Mifuko ya mchanga inabeba sehemu ya uzito, sisi tunabeba iliyobaki. Bendi ikianza tunampandisha, tunamshikilia hapo wimbo mzima, halafu tunamshusha taratibu kama yai.

Sisi ni wawili. Mwenzangu anaitwa Kipara ingawa ana nywele kuliko mtu yeyote humu ndani. Jina alilipata zamani alipotoka hospitali amenyolewa, likamganda. Yeye aliniona naandika, akaniita Mwalimu. Nimemwambia niliishia darasa la sita. Akasema, "Basi umenizidi matatu, Mwalimu."

Leo Bibie alipita nyuma yetu akielekea chumba chake. Nikasema, "Shikamoo mama." Hakugeuka. Nikasema tena. Akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Kipara akacheka mpaka akashika mifuko ya mchanga. "Salamu zetu zina vumbi, Mwalimu. Zingemchafulia gauni."

Machi 12

Nimemsalimu tena, akiwa anatazama mavazi yake. Hakunijibu. Sitamsalimu tena. Nina umri wa kutosha kutoitikiwa na mtu bila kufa.

Machi 15

Onyesho la kwanza. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama ukutani na miavuli inachuruzika. Mimi sioni kitu kule nyuma, naona mgongo wa Kipara na kamba.

Mwenzangu ananilaumu kwamba namtikisa bibi wa watu. Ni kweli. Kule bohari tulivuta mkokoteni kwa mdundo, la sivyo mgongo unakatika, na mazoea hayo yamebaki mikononi. Ngoma ya bendi ikilia, mikono yangu inavuta kidogo na kuachia kidogo, bila mimi kuituma. Nimejaribu kuacha. Siwezi.

Machi 16

Nimechoka. Chumba chetu vibarua kina bati tupu, mvua inapiga juu yake kana kwamba inatudai.

Machi 19

Dari la ukumbi linavuja upande wa kapi ya pili. Kamba ikilowa inakaza na kuuma. Glavu tulizopewa zina vidole vinne kila moja, sijui walimpima nani.

Machi 23

Malengelenge yamepasuka kwenye viganja vyote viwili. Msimamizi wa jukwaa aliniona natia damu kwenye kamba, akaniweka kwenye mifuko ya mchanga, akamleta seremala ashike na Kipara. Wakampandisha vizuri, wakamshikilia, kamba imetulia kama nguzo.

Bendi ikapiga mwanzo wa wimbo. Bibie kimya. Wakarudia mwanzo. Kimya. Kiongozi wa bendi akarudia mara ya tatu, na safari hii nilichungulia kwenye tundu la pazia. Alikuwa amekaa kule juu, mikono imeshika kamba, macho yanatafuta upande wetu. Watu wakadhani ni uigizaji, wengine wakaanza kupiga makofi. Ndipo akaanza kuimba, mahali ambapo si pake, na bendi ikamkimbilia kama watu wanaokimbiza basi.

Seremala akasema, "Bibi kazeeka."

Machi 24

Bibie alikuja kwetu mwenyewe leo mchana. Pamoja naye alikuwa mvishaji wake, ambaye tunamwita Dada Pini kwa sababu midomo yake ina pini muda wote. Dada Pini ni binti wa dada yake Bibie, na anamwita mama mkubwa.

"Jana kamba alishika nani?" Bibie akauliza. Anaongea kwa sauti kubwa kuliko chumba kinavyohitaji.

Nikajibu huku nakunja kamba. Dada Pini akatoa pini mdomoni. "Mtazame ukisema naye."

Nikamtazama. Nikamwambia alishika seremala na huyu, mimi mikono imeharibika, nikamwonyesha. Macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu, hayakupanda hata kidogo.

"Kwa hiyo ni wewe unayenigonga."

Nikaanza kuomba radhi, kwamba ni mazoea ya mkokoteni, kwamba nitaacha.

"Ukiacha nitakuua," akasema. Kisha akakaa kwenye sanduku la vifaa, na akawa mwanamke mzee. "Sikio la kulia limekufa miaka mitatu sasa. La kushoto linakufa. Bendi naisikia kama mtu anayehamisha makabati nyumba ya jirani. Nyimbo nyingine nasimama karibu na ngoma kubwa, naipata kwa miguu kwenye mbao. Kwenye pembea sina mbao. Mazoezi ya kwanza nilikuwa naogopa kupanda. Halafu nikasikia mtu ananigonga kwenye mifupa, sawasawa na ngoma. Nikasema, Mungu ameniletea ngoma ya makalio."

Kipara alicheka kwa hofu. Bibie akamwona anacheka, naye akacheka.

"Mwenye ukumbi hajui," akasema. "Akijua, mimi basi. Sitashushwa tu kwenye pembea, nitashushwa kabisa. Nimeimba tangu nina miaka kumi na sita na sina kazi nyingine ninayoijua. Nataka niumalize msimu huu kwa koo langu. Mkono wako utapona lini?"

Nikasema kesho.

Nilipolala nilizikumbuka salamu zangu zote. Kila moja nilimpa akiwa amenipa mgongo.

Machi 25

Haukupona. Nilishika hivyo hivyo, Dada Pini akinifunga vitambaa vya pamba kwa pini zake. Bibie aliingia mahali pake.

Machi 28

Mvua, onyesho, kulala.

Aprili 2

Siku hizi anakuja kila mchana kabla ya onyesho, anasema anakagua kamba. Anakaa kwenye sanduku, Dada Pini anashona, sisi tunapaka kapi mafuta. Anapenda kusimulia. Nafikiri ni kwa sababu anayesimulia halazimiki kusikia.

Leo kasimulia alivyoanza. Mama yake alikuwa mfuaji wa nguo za watu, naye akiimba kwenye kamba za kuanikia. Jirani akawaambia kuna watu wa filamu wanatafuta sauti. Akaenda, akaimba, wakapenda. Kisha wakawasha taa wakamwona.

"Wakasema uso wangu ni debe la kupimia mkaa."

"Wapumbavu," akasema Kipara.

"Hapana, walikuwa na macho. Nilikuwa na chunusi kama muhogo uliotafunwa na mende. Basi wakamtafuta msichana mzuri. Yeye anafungua mdomo mbele ya kamera, mimi naimba chumba cha pili na kikombe cha chai. Filamu moja, mbili, tano. Nilikata tiketi ya kiti cha nyuma kwenda kujisikiliza. Mama mmoja kando yangu analia, ananiambia, mwanangu, sikiliza sauti ya yule mtoto, amepewa na Mungu. Namwambia, kweli mama, amepewa."

Halafu siku moja yule mzuri akaalikwa kuimba mbele ya watu, jukwaani. Wakamficha Bibie nyuma ya pazia na maikrofoni. Katikati ya wimbo pazia likaanguka.

"Wengine wanasema lilianguka lenyewe," akasema.

Nikamuuliza, "Na wewe mama unasemaje?"

"Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kamba."

Dada Pini akameza kicheko, karibu ameze na pini. "Mama mkubwa! Mwaka jana ulisema ni upepo."

"Mwaka jana nilikuwa nazungumza na gazeti."

Aprili 5

Mama watoto anauliza nitarudi lini. Nimemwambia msimu ukiisha. Anasema, "Msimu upi? Yako mingi."

Aprili 7

Bibie kasimulia waume zake wawili. Wa kwanza aliipenda sauti yake mno, mpaka nyumbani akamkataza kuzungumza ili isichoke. Wa pili alikuwa anasaini mikataba badala yake. Kuna mwaka alicheza filamu tatu hajui hata moja inahusu nini, anaambiwa lia, analia, anaambiwa imba, anaimba, jioni anarudishwa nyumbani na dereva. Watu wakisema enzi zake za dhahabu wanasema mwaka huo.

"Nilikuwa na usingizi tu," akasema.

Nilidhani mtu kama huyo hachoki kama sisi. Anachoka kama sisi. Tofauti ni kwamba akichoka watu wanakata tiketi.

Aprili 11

Nimefanya jambo baya, na naliandika lilivyo.

Mchana mvua ilikuwa kubwa, nami nikampigia mama watoto kutoka chumbani kwetu. Simu haisikiki, bati linapiga kelele. Ananiuliza habari za Bibie, mimi najaribu kumwambia, anasema "Nini? Nini?" Nikapaza sauti. Nikasema, "Hasikii! Bibie hasikii! Ni kiziwi, anaimba kwa kamba yangu!" Nikapiga kelele vile kama mara tatu, kwa furaha, kama mtu anayejisifu. Maana nilikuwa najisifu.

Nilipokata simu mvua ilikuwa imepungua ghafla, na mlangoni alikuwepo seremala na fundi wa sauti, wamejikinga chini ya upenu.

Aprili 12

Kipara keshasikia kwa seremala. Kanipita bila kuniita Mwalimu.

Aprili 13

Mwenye ukumbi alituita sote jukwaani saa nane, kabla ya mazoezi. Si mtu mbaya. Analipa kwa wakati, na dari lilipovuja alipanda mwenyewe na ndoo. Niandike hilo kwanza ili nisije nikamgeuza shetani.

Bibie alikuwa kwenye kiti chake pembeni mwa jukwaa, anatazama kioo kidogo, anajipaka poda. Dada Pini alikuwa ametumwa dukani. Sasa naelewa kwa nini alitumwa.

Mwenye ukumbi akasimama nyuma ya kiti, hatua chache. Akasema, "Bibie." Sauti ya kawaida. Yeye anajipaka poda. Akasema tena, kwa nguvu, "Bibie!" Kiongozi wa bendi akatazama viatu vyake. Mwenye ukumbi akapiga makofi. Kisha akasema, "Bibie, ukumbi unaungua."

Bibie alikuwa anapaka kidevu.

Nilitaka kwenda mbele yake nimwambie. Sikwenda. Sote watu wazima tumesimama pale, na hakuna aliyesogea, mpaka alipotuona ndani ya kile kioo. Alikishusha. Akageuka polepole, akatutazama mmoja mmoja, akatazama midomo yetu kana kwamba bado kuna neno limebaki juu yake.

"Umesema nini?" akamuuliza mwenye ukumbi.

Yule bwana akaja mbele, akachuchumaa, akashika mikono yake. Alimwambia polepole ili amsome. Alimwambia hawezi kumpandisha mtu asiyesikia juu ya vichwa vya watu, kwamba lile la Machi 23 sasa analielewa, na kwamba tiketi zimekwishauzwa mpaka siku ya mwisho na wamekuja kusikia ule wimbo. Akasema kuna kanda ya filamu, safi, imesafishwa. Kwenye nyimbo nyingine ataimba karibu na ngoma. Ule wa pembea, kanda itapigwa, yeye afungue mdomo tu. "Ni sauti yako mwenyewe, mama. Si ya mwingine."

"Ya msichana," akasema Bibie.

"Ni wewe."

"Nilianza nikiwa sauti isiyo na uso," akasema. "Sasa nimalizie nikiwa uso usio na sauti?"

Mwenye ukumbi akasema kama hataki, yeye atafunga onyesho kesho, na vibarua wote warudi makwao. Alitutazama sisi aliposema hivyo. Naye Bibie akatutazama.

"Sawa," akasema. Akachukua kioo chake.

Alipokuwa anaondoka alipita kwangu. "Ni wewe?"

Ningeweza kuficha mdomo. Nikamtazama usoni nikasema, "Ni mimi. Nilikuwa namsimulia mke wangu. Kulikuwa na mvua."

Alisoma maneno hayo yote mpaka mwisho. "Ulisema vizuri juu yangu?"

"Nilisema vizuri sana. Ndiyo maana nilipiga kelele."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Mpaka sasa sijui kama alinisamehe au alikuwa amechoka tu.

Aprili 15

Kanda imepigwa mara ya kwanza. Hata kanda Bibie haisikii, kwa hiyo bado mikono yangu ndiyo inayomwambia wapi afungue mdomo na wapi afunge. Nilimgonga sawasawa. Watu walipiga makofi kuliko siku zote. Wakasema sauti yake haijazeeka hata siku moja.

Aprili 16

Hivyo hivyo.

Aprili 18

Hivyo hivyo. Hasimulii tena. Anakuja mchana, anakaa kwenye sanduku, anatazama kamba. Kipara alimletea chai. Akainywa.

Aprili 21

Mvua zinapungua. Nilimwambia Kipara kwamba uongo huu ni mimi ninayeubeba, maana bila mikono yangu mdomo na kanda visingekutana. Akasema, "Umbea ulikuwa wako, uongo nao wako. Umejaaliwa, Mwalimu." Angalau kaniita Mwalimu.

Aprili 24

Mama watoto nimemweleza yote, safari hii kwa sauti ya chini, nyuma ya ukumbi. Akasema, "Sasa utamfanyia nini?" Nikasema mimi ni mtu wa kamba, nitafanya nini. Akasema, "Sijakuuliza wewe ni nani."

Aprili 27

Bibie alikuja na Dada Pini. Akatufungia mlango wa pembeni.

"Jumapili ni onyesho la mwisho," akasema. "La saa tisa mchana. Sikilizeni, maana mnasikia. Mtanipandisha kama kawaida. Kanda ikianza, msinigonge. Mnishike nitulie. Sitafungua mdomo. Wataisikia ile sauti na watauona mdomo wangu umefungwa. Kanda ikiisha, mimi sitajua kwamba imeisha. Wewe utajua. Hapo ndipo unigonge, niimbe mwenyewe."

Kipara akasema, "Mama, bendi haitapiga."

"Sikuiomba bendi."

"Watatufukuza."

"Watawafukuza," akasema. "Ndiyo maana nauliza, siamuru."

Nilifikiria safari ya basi, na kwamba mwenye ukumbi ndiye anayetoa barua ya kusifu kazi, na bila barua hiyo nitarudi kwenye saruji msimu ujao. Nilifikiria mapafu. Yeye alikuwa ananisoma uso mzima, hakungoja mdomo.

Nikasema ndiyo. Kipara akasema, "Mimi naenda anakokwenda Mwalimu, ila nisilazimishwe kusoma."

Aprili 29

Sikulala vizuri. Hakuna mvua siku ya tatu leo.

Aprili 30

Naandika jioni hii mikono ikiwa imevimba. Nitaandika yote.

Tulimpandisha saa kumi kasorobo. Nilikuwa nimebadilishana nafasi na Kipara, nikalegeza pazia jeusi kidogo ili nione. Kanda ikaanza, ile sauti ya msichana ikajaa ukumbi, na mimi nikaibana mikono yangu mpaka mifupani ili isiende na ngoma ya kanda. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko uzito. Mikono ilitaka kumwambia. Kipara alikuwa ananong'ona nyuma yangu, "Tulia, tulia," kama anayebembeleza ng'ombe.

Bibie alikaa. Mdomo umefungwa. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa kama mtu anayengoja zamu yake kwa daktari. Watu hawakuelewa mwanzoni. Kisha mmoja akacheka. Mwingine akapaza sauti, "Kanda imemtangulia!" Kelele zikapanda na sauti ya msichana ikaendelea juu yao bila kujali, tamu, haikosi hata pumzi moja. Kwa mara ya kwanza niliiogopa ile sauti.

Mwenye ukumbi akaja nyuma anakimbia. "Mshusheni!"

"Kamba imekwama, bosi," akasema Kipara. "Imelowa."

"Imelowa na nini? Hakuna mvua tangu Alhamisi!"

"Ni unyevu wa ndani, bosi. Unakaa."

Akaishika kamba mwenyewe, akavuta. Uzito wa mtu aliye juu si wa mchezo, akauona, akaachia. Akanitazama. Nikamwambia, "Mzee, tukimshusha kwa ugomvi ataanguka. Tuache tumalize." Sikusema kwa ujeuri. Alisimama anapumua, mkono kichwani, na hakwenda kuizima kanda. Angeweza. Sijui kwa nini hakwenda.

Kanda ikaisha. Kimya. Kiongozi wa bendi alimtazama mwenye ukumbi, mwenye ukumbi akatikisa kichwa kwamba usipige. Kwa hiyo hapakuwa na ngoma ya kunifuata wala ya kuifuata. Sikuwa nimefikiria hilo. Siku zote mikono yangu ilichukua kwa bendi ikampelekea yeye. Sasa ilibidi itoe yenyewe.

Nikamgonga. Polepole kuliko kanda, kwa mwendo wa mtu aliyetoka kazini. Mara moja, mbili, tatu, nne, na akaingia.

Sauti yake ilitoka chini kuliko ya msichana. Ilikuwa na mikwaruzo, na mahali pawili ilipotea kabisa ikabaki pumzi. Pale ambapo kanda hupanda juu kabisa, yeye hakupanda. Alilisema lile neno tu, kama unavyomwambia mtu aliye chumba kimoja nawe. Watu wa mbele walichukua mikoba yao wakaondoka, niliwaona, si wengi lakini si wachache. Waliobaki hawakukohoa. Kipara nyuma yangu alikuwa analia na kamba haikulegea hata kidogo upande wake.

Alipomaliza hawakupiga makofi mara moja. Walisimama kwanza, viti vikagonga, kisha ndipo makofi. Kamba ikaanza kutetemeka mikononi mwangu. Nikadhani analia, nikaogopa atajiachia.

Kipara akachungulia. "Anacheka, Mwalimu. Anawaona."

Tukamshusha taratibu. Mwenye ukumbi alikuwa pale anangoja. Alimpa mkono ateremke kwenye ubao, kwa adabu, kisha akatugeukia sisi. "Kesho msije," akasema. Bibie hakusikia, alikuwa amempa mgongo.

Mei 1

Tumefunga mizigo. Barua hatukupewa, wala sikuiomba.

Dada Pini alikuja chumbani kwetu asubuhi. Bibie kaalikwa kuimba kwenye kumbi ndogo za miji ya bara, bila pembea, mtu na kiti tu, na waalikaji wameambiwa ukweli kabla. Alinitumia salamu: niende naye, nisimame nyuma ya kiti nimgonge begani.

Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa. Nikamwambia Dada Pini nimechoka. Nikamwambia ni mwaka mmoja na miezi saba sasa, na mtoto wangu wa mwisho akinisikia kwenye simu anauliza ni mjomba yupi.

"Basi nifundishe mimi," akasema.

Tukakaa kwenye ngazi za nyuma na Kipara akawa kiti. Dada Pini alikuwa anampiga mgongoni kwa haraka kama anayepigilia msumari. "Dada, mimi si mto," akasema Kipara. Nikamshika kifundo cha mkono, nikamwonyesha jinsi ya kuuacha uwe mzito, usubiri pumzi yake iishe ndipo uende. Ilichukua asubuhi nzima. Mwisho Kipara akafumba macho, akaanza kuimba ule wimbo vibaya sana, na akaingia mahali pake kila mara.

Bibie alikuwa kwenye gari mbele ya ukumbi. Nilizunguka nikasimama upande wa mbele anione. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Hujambo, baba?" Nikasema sijambo, shikamoo mama. Akaitikia. Nikamweleza kwamba siji, nakwenda kwangu. Akaniambia ni sawa, mtu akienda kwake hakuna wa kumlalamikia. Gari likaondoka.

Basi langu ni alfajiri ya kesho. Nimempigia mama watoto, nimemwambia natarajia kufika Alhamisi kabla ya giza, ikiwa barabara haijakatwa na maji. Hakuniuliza msimu upi. Nimemwambia asipike kitu, nataka kulala kwanza.